Mkaa wa Balozi wa Nyumba Kumi

Katika ukoo wa mama yangu, binti haolewi mpaka mama yake akeshe usiku mmoja akilinda paja la mbuzi. Mila hiyo ilivuka ziwa kutoka Kongo pamoja na bibi mzaa mama, ambaye alishuka Ujiji na sufuria mbili, mkeka mmoja na mila chungu nzima. Sufuria zilitoboka, mkeka ukaliwa na mchwa. Mila zilibaki, na hii ya paja ndiyo iliyobaki na meno yake yote.

Inakwenda hivi. Upande wa bwana harusi huleta mbuzi mzima, akiwa hai na akilalamika. Anachinjwa kwa bibi harusi, na paja moja la nyuma mama mtu hulipasua, hulitandaza, hulitia chumvi, kisha hulibanika usiku kucha kwa moto mdogo na moshi. Asubuhi paja linapelekwa kwa mama wa bwana harusi, naye hulikata mbele ya wanawake wenzake. Likiwa limekauka mpaka mfupani, harusi ipo. Likiwa jeusi nje na jekundu ndani, wanawake wale hutazamana, na kutazamana kwao kumevunja posa nyingi kuliko mahari.

Hapo bado ni rahisi. Ugumu ni kwamba moto unawashwa mara moja tu, baada ya sala ya isha, na mama wa binti haruhusiwi kuongeza hata kipande kimoja cha mkaa mpaka alfajiri. Wazee walisema mama anayeongeza mkaa usiku amezaa binti wa kuongezewa: leo nguo, kesho unga, keshokutwa hasira. Na ili ujanja usiwepo, upande wa mume hutuma mwanamke wao mmoja aje akeshe kando ya moto huo, kazi yake kuangalia tu. Kwa hiyo watu wengine wakichagua mchumba wanachagua mchumba. Sisi tulichagua na mkaa.

Wala msidhani ni maneno ya kutisha watoto. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwapo binti mzuri, mpole, mwenye sauti ya kusoma kaswida. Paja lake lilikutwa na damu kwenye mfupa. Hakuna aliyesema posa imevunjika, sisi si watu wa kusema hivyo. Ilisemwa tu kwamba harusi imesogezwa mbele. Mpaka leo inasogezwa.

Nami nilimtaka mwanamume yule wa kwangu. Niseme wazi, maana wanawake wa rika langu tukisimulia harusi zetu hujifanya tulikokotwa. Mimi sikukokotwa. Nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima jioni, kwenye darasa la shule ya msingi, wazee wakiwa wamejibana kwenye madawati ya watoto. Akaja kijana mmoja wa Ujiji, mfanyakazi wa bandarini, akaketi nyuma kabisa na kusema hajui hata herufi moja. Nilimfundisha a, e, i, o, u kwa wiki nyingi. Alikuwa mgumu ajabu, na kila alipokosea ilinibidi nimshike mkono nimwongoze kalamu. Kumbe darasa la saba alimaliza kabla yangu. Nilipogundua nilimfukuza darasani, na wiki hiyohiyo washenga wake wakabisha hodi kwetu.

Mama yake alikuwa mwanamke wa zile nyumba za zamani za Ujiji zinazoshika mila hiyohiyo, zenye kuta nene na maneno machache. Alikwisha kukataa wasichana wawili kabla yangu. Sikuwa na hila ya kumshinda mwanamke kama huyo. Nilikuwa na mama yangu, na mama alikuwa na masikio.

Ndiyo, masikio. Mama hakununua mkaa kwa macho. Alichukua vipande viwili akavigonga. Mkaa wa mtundu au wa mninga, miti migumu ya porini, hulia kwa sauti kali kama vigae. Huo ukishika moto hauna haraka. Unajila polepole kutoka pembeni, na ukiufunika majivu vizuri utaukuta asubuhi bado mwekundu moyoni. Mkaa wa mwembe ukiugonga unasema pu, na moto wake ni wa kuchemshia chai: unakuja na kelele, unaondoka bila kuaga. Kisha kuna vile vipande ambavyo havikuiva kwenye tanuri, vyenye ukahawia katikati, ambavyo hutoa moshi wa kuliza watu na kuipa nyama ladha ya masizi. Jirani mmoja alimshauri achanganye maganda ya mise, zile kokwa za chikichi, kwa kuwa yanadumu kwenye moto. Mama alimshukuru sana. Mlango ulipofungwa akasema nyama iliyobanikwa kwa maganda ya mise inafaa kuwashia taa.

Mji wetu ni wa samaki, na mtoto wa hapa hujua kubanika migebuka kabla hajajua kufunga vifungo. Lakini samaki ni kiumbe mwepesi, anakubali haraka. Paja la mbuzi lina mfupa katikati, na mfupa una maji yake, na maji yale hayatoki kwa moto mkali. Moto mkali unaifunga nyama nje na kuyaacha ndani yachache. Linataka moto mvivu wa usiku kucha. Kwa hiyo mama alijua hasa anachotaka: mkaa wa mtundu, vipande vinene kama mkono, vinavyolia.

Shida ni kwamba miaka ile kujua unachotaka hakukukusaidia sana. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na mkaa ulitakiwa kununuliwa duka la ushirika, ukitoka vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini na kupangwa mistari kama mihogo, na baadhi ya vijiji vikapewa lengo la mkaa. Misitu ilikuwa mbali na mistari. Wanakijiji wakachoma kilichokuwa karibu, yaani miembe yao, na kwa jinsi ule mkaa ulivyokuwa mwepesi nadhani hata mashina ya mihogo. Mkaa mzuri bado ulikuwapo. Uliingia mjini kwa njia ya Mwandiga, juu ya baiskeli za watu ambao redio iliwaita walanguzi na mama aliwaita wenye mkaa.

Na baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi.

Kijana wa leo hawezi kujua ukubwa wa cheo hicho. Hakikuwa na mshahara wala ofisi, lakini ukitaka kusafiri, kugombana au kupokea mgeni, ulipitia kwa balozi. Baba alikuwa Muha wa Simbo, mkulima aliyehamia Katubuka, mtaa wetu huu, na jembe lake, na katika maisha yake hakupata kupewa kitu na mtu yeyote mpaka majirani walipompa kile cheo. Alikipenda kuliko shamba. Alikuwa na kiti chake barazani, bendera ndogo juu ya kabati la sebuleni, na neno moja alilolitumia kwa kila kiumbe: ndugu. Ndugu jirani, ndugu mgambo, ndugu muuza dagaa. Alimwita hata mama ndugu, mpaka siku moja mama akaweka mwiko chini.

"Mimi si ndugu yako," alisema. "Mimi ni mkeo. Tungekuwa ndugu, hawa watoto tungewaelezaje kwa watu?"

Baba alifikiri, akaona hoja ina uzito, na kuanzia siku ile akamwita ndugu mke wangu.

Wiki chache kabla ya siku ya paja, mgambo walimkamata mwenye mkaa mmoja mtaani kwetu, na baiskeli yake na gunia moja lililojaa mpaka likavimba, limezibwa mdomo kwa majani makavu na kushonwa kwa kamba ya katani. Alisema anacho kibali, ila amekisahau nyumbani. Kila aliyekamatwa miaka ile alikuwa na kibali nyumbani. Wakubwa wa tawi la chama wakaahidi kuja kuisikiliza kesi watakapopata nafasi, na kwa kuwa ofisi ya tawi haikuwa na kufuli, gunia likakabidhiwa kwa balozi alitunze. Baba alilisimamisha sebuleni, kando ya kabati lenye bendera.

Mama alipopita pale mara ya kwanza alipenyeza vidole kati ya majani, akatoa vipande viwili, akavigonga. Vililia. Nilikuwapo, nami nikasikia. Alivirudisha taratibu kama mayai, akaenda zake jikoni. Jioni alimtengea baba chakula kizuri, akangoja amalize.

"Mume wangu," alisema, "Mungu ametuletea mkaa."

"Huo si mkaa," baba alijibu. "Huo ni ushahidi."

"Nimeugonga. Ni mtundu."

"Basi ni ushahidi wa mtundu."

Mama alijaribu njia nyingine. Alimtuma dada yake Mwandiga kwa siri, lakini baada ya mwenzao kukamatwa wenye mkaa wote walikuwa wamegeuka wauza viazi. Alikwenda duka la ushirika akagonga vipande mpaka muuzaji akamwuliza kama anatafuta mkaa au ngoma. Na kila siku tulikula, tukapokea wageni na kusalimiana mbele ya gunia lile, mkaa bora kuliko wote mjini, hatua tatu kutoka jikoni kwetu, nasi hatuna haki ya kuuwashia hata kiberiti.

Nilimwendea baba mwenyewe. Nilimkuta kwenye kiti chake barazani, nikapiga magoti, nikalia. Sikulia kistaarabu.

"Baba, paja likirudi mimi nimekwisha."

"Halitarudi."

"Unajua moto wa mwembe hauoni alfajiri."

"Mwanangu," alisema, "mimi ndiye ninayepita nyumba kumi nikiwaambia watu wasiguse mkaa wa walanguzi. Mimi ndiye niliyepewa ule niutunze. Nikiuchoma, nitakaa vipi tena kwenye kiti hiki?"

"Utakaa kama wengine wanavyokaa. Anayeolewa ni mimi, baba, ushahidi hauolewi."

Baba alitazama barabarani, ambako hakukuwa na kitu. Nilimchukia siku ile. Niliona amenipima na kile kiti na kiti kimeshinda.

Kesho yake alitoka alfajiri kwa baiskeli kwenda kwenye kijiji cha ujamaa mbele ya Simbo, akachague mkaa kwa mkono wake. Alirudi jioni, mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi vidole vya miguu, na gunia kwenye kiti cha nyuma. Alilishusha mbele ya mama kwa fahari ya mtu aliyeleta samaki mkubwa.

"Huu," alisema, "umechomwa na wananchi kwa hiari yao."

Mama alichukua vipande viwili akavigonga. Pu. Akachukua vingine. Pu.

"Wananchi wamejitahidi," alisema mama, akaingia ndani.

Siku ikafika. Mbuzi aliletwa asubuhi, mnene na mwenye dharau, na magharibi akaja shahidi. Alikuwa shangazi wa mchumba wangu, dada mkubwa wa baba yake, mwanamke mrefu mwenye kikohozi kikavu na shali ya sufu ambayo hakuivua hata kwa joto lile. Alisalimiana na mama kwa adabu zote, akaulizia afya ya kila mtu, kisha akasogea penye nusu pipa ambamo moto ungewashwa, akainama, akaokota kipande cha mkaa. Hakukigonga. Alikipima tu kiganjani, akakirudisha, akamtazama mama kwa huruma ambayo ilinikata maini. Kisha akakaa kwenye mkeka.

Bibi harusi kazi yake usiku huo ni kutoonekana. Nilifungiwa chumbani, lakini dirisha la chumba lilitazama uani, na hakuna mila iliyonikataza kuwa na macho.

Mama alifanya kila kilichoruhusiwa. Mchana kutwa alikuwa amelichambua gunia la wananchi kipande kwa kipande, akatenga vile vichache vyenye uzito. Akatandika majivu ndani ya pipa, akaubananisha mkaa ili hewa isipite kwa fujo, akaweka vijiti vya mpera vya kutoa harufu, na ulipokolea akaufunika majivu mengine juu, kama unavyomfunika mtoto. Paja lilikuwa juu ya kichanja cha fito mbichi, limetandazwa kama shati lililoanikwa. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Moshi ulipanda mwembamba, wa kijivu, na mafuta yalidondoka moja moja. Mama na shangazi wakanywa kahawa ya tangawizi na kuzungumzia watu waliokufa.

Mama alikuwa akipima moto kwa kiganja. Mwanzoni alikiweka juu ya nyama na kukiondoa haraka. Baadaye kiganja kikakaa. Baadaye sana akakiteremsha chini ya nyama, kati ya fito na majivu, na bado kikakaa. Hapo nikajua. Nilikaa chini sakafuni, chini ya dirisha, nikamwomba Mungu kwa Kiswahili, kwa Kiarabu kile kidogo nilichokijua, na kwa Kiha cha upande wa baba endapo angepatikana mwenye kusikia zaidi.

"Unapoa," nikamsikia shangazi akisema.

"Unapumzika," mama akajibu.

"Mkwe wangu, mimi pia nimebanika mapaja. Huo hauamki."

Nilichungulia nikamwona mama ameweka mikono yake miwili magotini, mmoja juu ya mwingine, kama mtu anayeuzuia ule wa chini usifanye kitu.

Ndipo niliposikia kamba ya katani ikikatwa sebuleni.

Baba alitoka na fulana na kikoi, amekumbatia beseni letu la kufulia. Kwetu mwanamume hasogei penye moto wa paja. Hata kupita karibu ni kujidhalilisha. Baba alipita katikati ya wanawake wale bila salamu, akapiga magoti mbele ya pipa, akapangua majivu kwa kijiti na kuanza kuweka vipande vya mkaa wa beseni kimoja kimoja. Alikuwa hajui anachofanya, alivipanga kama anayepanga vikombe kabatini. Vipande viligusana, vikalia ile sauti. Mama alimkamata mkono.

"Mkaa gani huo?"

"Wa serikali," baba alisema, na akaendelea.

Shangazi alikohoa. Kikohozi kilikuwa kirefu, nami nilishika nondo za dirisha nikingoja kiishe, nikijua kikiisha nitakuwa nimeolewa au sijaolewa. Alifuta mdomo kwa shali.

"Mkwe," alimwambia baba, "mimi nimetumwa hapa niangalie mkono wa mama."

"Ego," alisema baba, yaani ndiyo. Akiwa na hofu alirudi kwenye Kiha.

"Mkono wa mama nimeuangalia. Haukugusa kitu. Wa baba sikuambiwa niuangalie. Wazee hawakuwahi kufikiri mwanamume anaweza kuja kupiga magoti hapa, kwa hiyo hawakumtungia sheria." Akajivuta kwenye mkeka, akasogea karibu na pipa. "Lakini kama unafanya, fanya vizuri. Hapo katikati umeacha shimo, hewa itakula mkaa wako wote. Sogeza kile kinene. Hicho. Basi."

Baba alisogeza kile kinene. Kisha akasimama, akajifuta magoti, akarudi ndani na beseni tupu.

Moto wa mtundu uliona alfajiri na ukaipita. Paja lilitoka na rangi ya kahawa, limesinyaa, gumu, harufu yake ikifika mpaka barabarani. Shangazi alilibeba mwenyewe hadi Ujiji. Baadaye mume wangu alinisimulia jinsi mama yake alivyolikata, akachungulia mfupa, akalinusa, akakata tena sehemu nyingine kwa kutoamini, na mwisho akamwuliza shangazi mbele ya wanawake wote kama mkono wa mama wa binti uligusa mkaa mara ya pili. Shangazi alisema haukugusa, na kwamba yuko tayari kuapa. Hakudanganya hata neno moja. Niliolewa mwisho wa wiki ile.

Wakubwa wa tawi walipata nafasi nikiwa tayari Ujiji. Yaliyofuata nimesimuliwa na mama, na mama si mtu wa kuongeza chumvi. Mwenye mkaa alikuja na kibali chake, halali, chenye mhuri unaosomeka; kumbe miongoni mwa wote waliosahau vibali nyumbani, huyu alikuwa amesahau kweli. Ikaamuliwa arudishiwe mali yake. Watu wa nyumba zote kumi walikuwapo, na wengine wa mbali, kwa kuwa kesi ilikuwa burudani isiyo na foleni. Gunia likatolewa barazani. Lilionekana limejaa vizuri, maana mama, bila kumwambia baba, alikuwa amelizibia pengo kwa mkaa wa wananchi na kulishona upya.

Mwenye gunia alilifungua, akatoa vipande viwili, akavigonga. Pu.

"Ndugu zangu," alisema, "gunia langu liliingia humu likiwa mtundu. Limetoka mwembe."

Watu walicheka. Mkubwa wa tawi hakucheka. Macho yote yakamwendea mgambo aliyelibeba siku ile, naye akaanza kuapa kwa mama yake, karibu alie. Baba akainuka kutoka kwenye kile kiti chake.

"Mwacheni," alisema. "Nimeuchoma mimi."

"Kwa kazi gani, ndugu balozi?" mkubwa wa tawi akauliza.

Mama alikuwa mlangoni. Anasema alifungua mdomo. Kama baba angesema ukweli, nusu ya watu pale wangemwelewa, wengine hata wangempigia makofi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na binti au dada. Lakini wengi walikuwa na ndugu Ujiji. Kabla jua halijazama mama mkwe wangu angejua kwamba moto wa paja langu ulilishwa usiku, na ujanja wa shangazi kuhusu mkono wa baba ungefaa pale uani kwetu tu, si mbele ya mwanamke yule. Baba alimtazama mama, na mama akafunga mdomo.

"Nilisikia baridi," baba alisema.

Ulikuwa mwezi wa joto, mvua bado, kuku wanatembea midomo wazi. Mama anasema kicheko kilichotoka pale hajapata kukisikia tena. Watu walilala chini. Mkubwa wa tawi aliuliza mara ya pili, akidhani mzee atajirekebisha, na baba akarudia vilevile, baridi, usiku, akawasha mkaa ajiote. Alimlipa mwenye mkaa. Wakamvua cheo palepale, na bendera ikaondoka na mgambo yuleyule aliyetaka kulia.

Wakampa na jina. Hakuitwa tena balozi, wala mzee wa Simbo; aliitwa Mzee Baridi, na watoto wakamwimbia. Uamuzi wa kwanza wa balozi mpya ulikuwa kuzichangisha nyumba zote kumi blanketi la balozi wa zamani. Ulipita bila kupingwa. Walilileta kwa maandamano, blanketi la kijivu, zito, nao wakasimama wangoje kuona atafanya nini. Baba alilipokea kwa mikono miwili, akawashukuru ndugu zake wote, akajifunika.

Kisa kilifika Ujiji kabla ya mama kuja kunieleza. Kililetwa mezani kwetu kama kichekesho cha mjini, na mama mkwe wangu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alicheka mpaka akaweka tonge chini. "Baridi gani hiyo ya huyo baba yako?" aliniuliza. Shangazi alikuwa anakula nasi. Alisema wazee hawafanani, wengine damu yao ni nyepesi, akaomba apewe mchuzi.

Tulikwenda kuwasalimia mimi na mume wangu mara nilipopata ruhusa. Ilikuwa adhuhuri. Baba alikuwa barazani kwenye mkeka, kwa kuwa kile kiti kilikwisha kuhamia kwa balozi mpya, na blanketi likiwa mabegani. Hakuweza kulivua. Ng'ambo ya barabara walikuwa wamekaa watu wawili watatu wakimwangalia, na mtu aliyesikia baridi kiasi cha kuchoma mali ya watu hawezi kuonekana kifua wazi.

"Shikamoo baba," alisema mume wangu, akalitazama jua, akamtazama tena. "Unaumwa?"

"Marahaba mwanangu. Siumwi. Ni baridi tu."

Mume wangu alinigeukia. Hakujua kitu, na hakutakiwa kujua, wala sikuwahi kumwambia mpaka mama yake alipofariki. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka ng'ambo: "Mzee Baridi! Joto bado?"

"Bado, ndugu," baba akamjibu, akalivuta blanketi likamfika shingoni.

Nilimpenda siku ile mpaka nikashikwa na hasira, nikataka kuvuka barabara nikawaambie wote. Baba aliniona nikiinuka. Alinishika kanga, akanivuta nikae, akaniuliza kama huko Ujiji wananipa chakula cha kutosha. Nilisema wananipa. Akauliza kama mume wangu ni mtu mwema. Nilisema ndiyo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, jasho likimtiririka kutoka utosini hadi ndevuni, nami nikachukua ncha ya kanga nikaanza kumfuta.